Supra ya A70: bodi nyembamba au bodi pana kwa barabara za Mtwara?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Mtwara mjini, upande wa Shangani, na tangu ujana wangu nimekuwa nikiitamani Toyota Supra ya miaka ya themanini, ile yenye taa za kunyanyuka. Sasa nimeweka akiba, na wakala wangu aliyeko Japani amenitumia picha za magari mawili ya mnadani. La kwanza ni 2.0 GT Twin Turbo ya 1987, ambalo anasema ni la bodi nyembamba. La pili ni 3.0 GT Turbo ya 1989, bodi pana, na bei yake imelipita la kwanza kwa mbali. Gari nitalitumia mwisho wa wiki kati ya Mtwara na Lindi, na mara mojamoja kwenda Newala kuwaona wazazi. Rafiki yangu ananishauri ninunue lile jembamba, kisha fundi wa hapa aongeze madigadi ya faiba ili lionekane pana. Je, tofauti ya bodi hizi ni nini hasa, na wewe ungechagua lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitakupa jibu langu kwanza ili usome maelezo yanayofuata ukijua yanaelekea wapi. Kwa matumizi uliyoyataja, kama magari hayo mawili yana afya inayolingana, ningechukua lile jembamba la 2.0, na fedha inayobaki ningeitumia kwenye matairi, mfumo wa kupooza injini na kinga ya kutu. Ushauri wa kuongeza faiba nisingeufuata kabisa. Sisemi hivyo kwa kuidharau bodi pana, ambayo kwa macho yangu ndiyo inayolipendeza gari hili zaidi. Nasema hivyo kwa sababu katika magari hayo mawili upana ni sehemu ndogo ya kile unachokilipia, na watu wengi hulipia upana wakidhani wamenunua mwendo.

Ili uelewe kwa nini gari moja lilitengenezwa kwa vipimo viwili, lazima tuanzie kwenye sheria ya Japani. Huko gari dogo la abiria lina mipaka yake: urefu usizidi milimita 4,700, upana usizidi milimita 1,700, kimo kisizidi milimita 2,000, na injini ya petroli isizidi sentimita za ujazo 2,000. Gari linalovuka hata mpaka mmoja kati ya hiyo huhamia daraja la magari makubwa, na namba yake ya usajili huanza na tarakimu 3 badala ya 5. Kabla ya Aprili 1989 kuvuka huko kulikuwa na maumivu ya kweli mfukoni, kwa kuwa mwenye gari la daraja dogo lenye injini ya hadi lita 2 alilipa kodi ya yeni 39,500 kwa mwaka, ilhali mwenye gari la daraja kubwa lenye injini ya hadi lita 3 alilipa yeni 81,500. Gari la lita 2 lililozidi upana kwa milimita moja tu lilitozwa kama gari kubwa. Mageuzi ya kodi ya 1989 yaliondoa adhabu hiyo ya vipimo na kuifanya kodi ya mwaka ifuate ukubwa wa injini, na ndiyo maana utaona magari mengi ya Kijapani yakianza kunenepa tangu miaka hiyo.

Supra ya A70, yaani kizazi hicho unachokitamani, ilizinduliwa Februari 1986, yaani wakati sheria ya zamani ikiwa na nguvu zake zote. Toyota walikuwa wakitengeneza gari moja kwa ajili ya masoko mawili yenye matakwa tofauti. Marekani, Ulaya na Australia hawakuwa na habari na mpaka wa milimita 1,700, kwa hiyo walipelekewa bodi yenye upana wa milimita 1,745, iliyotuna juu ya magurudumu. Wajapani waliuziwa bodi ya milimita 1,690, iliyopita chini ya mpaka kwa milimita 10 tu. Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba hata 3.0 GT Turbo ya mwanzo, ambayo kwa injini yake ilikuwa tayari imeshaingia daraja kubwa na haikupata nafuu yoyote ya kodi, iliuzwa Japani ikiwa na bodi hiyohiyo nyembamba. Bodi pana ilianza kuuzwa huko mwaka 1987 kwa toleo la 3.0 GT Turbo Limited. Baada ya kodi kubadilika, hata 2.0 yenye turbo mbili ikapatikana kwa bodi pana, na mwaka 1990 ilipokuja injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5, nayo ilivaa bodi pana.

Historia hiyo ina faida kwako leo, kwa sababu inakuonyesha kwamba upana wa Supra hausomeki kutoka kwenye injini wala kutoka kwenye jina la toleo. Zipo 3.0 nyembamba na zipo 2.0 pana. Nembo ya nyuma ya gari pia haiaminiki, kwa kuwa magari haya yamepita mikononi mwa vijana wengi kwa zaidi ya miaka thelathini, na nembo ni kitu cha kununua na kubandika.

Sasa tuje kwenye tofauti yenyewe. Ukitoa 1,690 kwenye 1,745 unapata milimita 55, ambazo zikigawanywa pande mbili ni chini ya sentimita tatu kwa kila upande. Umbali kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma ni uleule, milimita 2,595. Milango ni ileile, kioo cha mbele ni kilekile, paa ni lilelile, na viti havikuongezewa nafasi hata kidogo. Kilichobadilika ni madigadi ya mbele, mapaja ya nyuma yanayozunguka magurudumu, na vipande vinavyokutana navyo. Kwa mbele madigadi yamefungwa kwa bolti na yanaweza kubadilishwa ndani ya siku moja. Kwa nyuma hali ni tofauti kabisa: paja la nyuma ni sehemu ya bodi yenyewe, limechomelewa kiwandani kuanzia kwenye nguzo ya mlango hadi kwenye taa, na linabeba sehemu ya uimara wa gari. Naomba ulishike jambo hilo, kwa maana nitalirudia nitakapofika kwenye faiba.

Je, sentimita hizo tatu zinafanya kazi gani barabarani? Kazi yake ya kwanza na ya maana ni kutoa nafasi. Bodi pana humruhusu mtengenezaji kuweka gurudumu lenye tairi pana na kulisogeza nje kidogo bila tairi kugusa chuma wakati springi zinapobonyea. Supra ya 3.0 iliyokwenda nje ilivaa tairi za 225/50 R16, wakati 2.0 nyembamba zilizoeleka na 205/60 R15. Tairi pana lenye ukuta mfupi hushikilia lami kavu vizuri zaidi kwenye kona kali, na magurudumu yaliyoachana zaidi hupunguza uzito unaohamia upande wa nje gari linapokata kona. Uhamaji huo wa uzito hupungua kwa kadiri ileile nafasi kati ya magurudumu inavyoongezeka. Kwa hiyo nafasi ikiongezeka kwa asilimia 3, uhamaji unapungua kwa karibu asilimia 3. Dereva wa mashindano atauhisi upungufu huo katika saa ya kupima mzunguko. Dereva anayekwenda Lindi Jumamosi asubuhi, kwa mwendo unaoruhusiwa na sheria, hatauhisi.

Upande wa gharama, bodi pana hupasua hewa nyingi zaidi. Upana ukiongezeka kutoka 1,690 hadi 1,745 ni ongezeko la asilimia 3 na kidogo, na kwa kuwa kibanda cha abiria hakikupanuka, ongezeko halisi la eneo linalokabili upepo ni pungufu ya hapo. Ni kidogo, lakini ni gharama, na tairi pana nalo huongeza ukinzani wake. Ndiyo maana bodi pana peke yake, bila injini kubwa, haiongezi mwendo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Porsche 911. Mwaka 1975 walipoanza kuuza 911 Turbo, waliipanua bodi hadi milimita 1,775, ilhali 911 Carrera za kipindi hicho zilikuwa na milimita 1,652, kwa sababu nguvu mpya zilihitaji tairi za nyuma zilizo pana. Miaka ya themanini wakawauzia wateja Carrera 3.2 yenye injini ya kawaida ndani ya bodi hiyo ya Turbo, pamoja na breki na mfumo wa magurudumu wa Turbo. Gari hilo lilisimama vizuri zaidi na kushika kona kwa utulivu, lakini lilikuwa zito kuliko Carrera nyembamba na mwendo wake wa juu ulikuwa mdogo, ingawa injini ilikuwa moja. Wapo waliolipenda na wapo walioendelea kuipendelea nyembamba, na mabishano hayo hayajesha hadi leo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu pia. Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na iliyoshinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews, ilikuwa gari la bodi ya kawaida yenye upana wa milimita 1,630. Wakati huohuo Nissan waliuza Japani toleo la 240ZG lililoongezewa madigadi ya nje hadi milimita 1,690, toleo ambalo leo linatafutwa sana na wakusanyaji, lakini matope na mawe ya Safari yalishindwa na lile jembamba. Kwa haki lazima niongeze kwamba Supra yenyewe ilifanya vizuri katika Safari Rally ya 1987, ambapo Lars-Erik Torph alimaliza wa tatu nyuma ya Audi mbili, na ile ilikuwa Supra ya 3.0 isiyo na turbo. Kwa mashindano ya namna hiyo kilichoamua matokeo ni uimara wa mfumo wa magurudumu, upoozaji wa injini na wepesi wa kutengeneza, na sijapata kusikia fundi wa Safari akihesabu milimita za madigadi.

Sasa nizungumzie barabara zako. Kutoka Mtwara kwenda Lindi kupitia Mingoyo una lami karibu yote, na shida yake kwa gari la namna hii ni matuta, viraka na mashimo yanayojitokeza baada ya mvua kubwa. Kwenda Newala ni habari nyingine: unapanda uwanda wa Makonde, una kona za mlima, una sehemu za vumbi na kokoto, na msimu wa korosho unapofika unakutana na malori yaliyojaza magunia ambayo hayakupishi kwa urahisi. Usidhani bodi nyembamba itakusaidia kupishana na malori hayo. Sentimita tatu kila upande hazitoshi kubadilisha chochote, hasa ukikumbuka kwamba vioo vya pembeni hutokeza nje kuliko madigadi ya bodi zote mbili. Chini ya gari nako ni kulekule. Bodi zote mbili ziko chini, na zote zitakwaruza tuta lililojengwa vibaya.

Tofauti itakayokugusa kwa kweli ni ukuta wa tairi. Tairi la 205/60 R15 lina ukuta wa milimita 123, na la 225/50 R16 lina ukuta wa milimita 112 na nusu. Ile sentimita moja ya ziada ya mpira ndiyo inayopokea ukingo wa shimo kabla rimu haijaupokea, na kwa barabara ya Newala mimi naithamini kuliko upana wowote. Pia fikiria siku tairi litakapopasuka ukiwa mbali na mjini. Inchi 15 ndiyo saizi ya magari mengi madogo ya Toyota yaliyojaa mikoa yetu, na 195/65 R15 hupatikana karibu katika kila duka la matairi. Kimo chake kizima ni milimita 634 na nusu, wakati kimo cha 205/60 R15 ni milimita 627, tofauti ya asilimia 1 na kidogo, kwa hiyo jozi yake moja kwenye mhimili mmoja inaweza kukurudisha nyumbani kwa mwendo wa taratibu. Zingatia kwamba nimesema jozi. Usichanganye saizi mbili kwenye mhimili wa nyuma, kwa kuwa gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma na tofauti ya kimo huitesa difu. Ukiwa na 225/50 R16, uwezekano mkubwa ni kuagiza kutoka Dar es Salaam na kusubiri basi.

Nimesema mwanzoni kwamba katika magari yako mawili unacholinganisha zaidi ni injini, na hapa ndipo uamuzi wangu unapokaa. Gari la 1987 lina 1G-GTE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 1,988, turbo mbili ndogo, na nguvu za farasi 185 zilipotoka, ambazo baadaye ziliongezwa hadi 210. Gari la 1989 lina 7M-GTE, sentimita za ujazo 2,954, turbo moja, nguvu za farasi 240 kwa magari yaliyotoka baada ya maboresho ya 1988. Nguvu hizo 240 ni tamu, na mvuto wake kutoka mwendo mdogo unaizidi 2.0 kwa mbali, jambo ambalo ungelifurahia kwenye mpando wa Newala. Lakini 7M-GTE ina ugonjwa unaojulikana duniani kote: gasketi ya silinda hedi huungua, kwa sababu bolti zake zilikazwa kiwandani kwa nguvu ndogo kuliko gasketi ile ilivyohitaji. Tiba yake inajulikana pia, nayo ni kuifungua hedi, kuisawazisha pamoja na uso wa bloku kwa mashine, kuweka gasketi ya chuma yenye matabaka, na kukaza bolti kwa nguvu zaidi kwa kutumia spana ya kipimo. Ikifanywa vizuri, injini hudumu. Swali ni kama kwa gari unaloliona kwenye picha tu kazi hiyo imeshafanywa, na kama haijafanywa, ni wapi kusini hii utapata mashine ya kusawazisha bloku ya silinda sita na fundi atakayeisimamia bila haraka. Joto letu la Novemba hadi Machi halina huruma na injini yenye turbo iliyo na udhaifu wa namna hiyo. Kama ungekuwa unaishi Dar es Salaam, karibu na karakana kubwa za mashine, nafikiri ningelegeza msimamo.

Kuhusu kodi, ni vizuri ujue kwamba forodha ya Tanzania haipimi upana. Inachoangalia, pamoja na thamani na umri wa gari, ni ukubwa wa injini, na kwa bahati mpaka mmojawapo wa ushuru wa bidhaa umewekwa palepale Wajapani walipoweka wao: injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini isiyozidi 2,000 hutozwa asilimia 5, na inayozidi hapo hutozwa asilimia 10. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka kumi, na VAT ya asilimia 18 inayotozwa juu ya jumla ya vyote hivyo, mbali na tozo ndogondogo na gharama za usajili. Ukikokotoa, utaona kwamba kwa kila shilingi 100 za thamani ya gari likiwa bandarini, 3.0 itakugharimu takriban shilingi 7 zaidi ya 2.0 kwa sababu ya injini pekee. Hiyo ni tofauti ya kuizingatia, lakini si ya kukukimbiza. Kinachouma zaidi ni kwamba asilimia zote hutozwa juu ya bei, na bei ya bodi pana imeanza ikiwa juu. Viwango hubadilika bungeni kila Juni, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA kabla hujatuma fedha Japani.

Kuhusu vipuri, hapa bodi pana ina ushindi ambao wauzaji hawausemi. Kwa kuwa bodi ya milimita 1,690 iliuzwa Japani tu, madigadi yake na vipande vyake vya pembeni hupatikana Japani tu, tena vilivyotumika. Bodi pana ilikwenda Marekani, Ulaya na Australia, na wapenzi wa Supra katika nchi hizo wameendelea kuchonga, kuhifadhi na kuuziana vipande vyake hadi leo. Kwa hiyo ukichukua jembamba, mwombe wakala akununulie madigadi mawili ya mbele ya akiba na ayatie ndani ya gari kabla halijapakiwa melini, maana baadaye kuyasafirisha peke yake kutakugharimu kuliko bei yake. Na usichukulie kwamba bampa la mbele la bodi moja litakaa kwenye nyingine. Linganisha namba ya kipuri kwanza.

Sasa nirudi kwa rafiki yako na faiba yake. Najua anakutakia mema, na najua tunao mafundi hodari wa faiba wanaojenga hadi mashua. Lakini kuongeza faiba juu ya bodi ya chuma katika mji wa pwani kama wetu ni kualika kutu mahali ambapo hutaiona. Ili kipande kishike vizuri, fundi atapiga mstari wa ribiti kuzunguka kila tao la gurudumu, na kila tundu la ribiti ni jeraha kwenye rangi ya kiwandani. Chini ya faiba patabaki mwanya mwembamba unaopokea mchanga, maji ya mvua na umande wa chumvi unaoletwa na upepo wa kusi kutoka baharini, na mwanya huo haukauki. Tao la nyuma ndipo bati la ndani na la nje la paja vinapokutana, mahali ambapo hata gari lisiloguswa huanza kuoza. Na kama fundi, ili apate nafasi ya tairi pana, atakata ukingo wa tao hilo, atakuwa amefungua muungano wa mabati mawili na kupunguza uimara wa paja ambalo, kama nilivyosema, ni sehemu ya bodi yenyewe.

Tena madigadi mapana yakishakaa, magurudumu ya asili yataonekana yamezama ndani, na hapo ndipo watu hukimbilia spesa, yaani kipande cha chuma kinachofungwa nyuma ya gurudumu. Spesa husogeza gurudumu nje ya mahali lilipokusudiwa, na kwa magurudumu ya mbele hubadilisha umbali kati ya katikati ya tairi na mstari ambao gurudumu linazunguka juu yake dereva anapokata usukani. Usukani huanza kuvuta kwenye kila shimo, beringi hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na bushi za mikono ya chini huchoka mapema. Toyota walipoipanua Supra walichagua gurudumu, tairi na bodi kwa pamoja. Kipande cha nje peke yake hakiwezi kukupa hesabu hiyo.

Mwisho wa yote ni kuhakikisha kwamba magari uliyoonyeshwa ni yale yanayosemwa. Mwombe wakala cheti cha usafirishaji nje cha gari, kile kinachotolewa usajili wa Japani unapofutwa. Ndani yake kuna vipimo kwa sentimita: gari jembamba litasoma upana wa 169 na pana litasoma 174. Angalia pia msimbo wa modeli, 2.0 itaanza na GA70 na 3.0 itaanza na MA70 baada ya herufi ya kwanza na kistari. Ukiona baada ya msimbo huo pameongezwa alama ya Kijapani 改, fahamu kwamba gari lilibadilishwa umbo au mfumo na mabadiliko hayo yakasajiliwa. Gari la GA70 lenye alama hiyo na upana uliozidi 169 linahitaji maelezo kamili, maana huenda kuna mtu alishafanya huko kile ambacho rafiki yako anataka ukifanye hapa.

Kisha soma mchoro wa gari kwenye karatasi ya mnada, na macho yako yaanzie kwenye mapaja ya nyuma. Herufi W juu ya paja ina maana kwamba pamenyooshwa na kupulizwa rangi, na tarakimu inayoifuata ikiwa kubwa, mawimbi yanaonekana kwa macho. Herufi S ni kutu ya juu, na C ni kutu iliyokula. XX ni kipande kilichobadilishwa. Kwenye digadi la mbele hilo ni jambo la kawaida, lakini kwenye paja la nyuma ina maana kwamba gari lilikatwa na kuchomelewa. Daraja la R au RA kwa gari zima ni taarifa ya ajali iliyogusa mifupa ya gari. Kwa gari la pwani mimi ningekataa C yoyote kwenye matao ya nyuma, hata bei ikishuka vipi, kwa sababu kutu iliyokwisha kuanza Japani ikifika Mtwara huongeza mwendo.

Mwagize wakala ashike sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na aipitishe kuzunguka tao lote la nyuma la kila gari, kulia na kushoto, huku akikurekodia video. Mahali sumaku inapolegea pana puti au faiba chini ya rangi. Kama 3.0 ya 1989 itapita mtihani huo, cheti chake kikasoma 174 na MA70 bila alama ya ziada, na muuzaji akatoa stakabadhi ya kazi ya gasketi ya chuma iliyokwisha kufanywa, basi sababu zangu kubwa za kuikwepa zitakuwa zimeondoka, na kitakachobaki ni bei na matairi. Bila stakabadhi hiyo, chukua lile la 1987, na kabla halijaanza safari yake ya zaidi ya kilomita 550 kutoka bandari ya Dar es Salaam, badilisha mkanda wa taimingi, mipira yote ya maji na kizibo cha rejeta, kisha lipuliziwe nta ya kuzuia kutu ndani ya mapaja ya nyuma kupitia matundu yaliyo nyuma ya mapambo ya buti.